SOMO LETU: KUTENGENEZA GARI NJE, CHINI YA MTI

Katika vijiji vyetu magari si mengi, lakini yapo. Kuna pikapu ya mwenye duka. Kuna lori linalobeba pamba au mahindi. Kuna trekta la kulimia. Kuna gari linalochukua dagaa kutoka mwaloni kwenda mjini. Na siku mgonjwa akizidiwa usiku, gari hilo hilo la dagaa ndilo linalompeleka hospitali.

Sasa gari likiharibika, tunafanyaje? Gereji yenye paa na sakafu ya saruji iko mjini, pengine kilometa 80 kutoka hapa. Gari bovu haliwezi kwenda huko lenyewe, na kulivuta ni gharama kubwa. Basi fundi huitwa, naye huifanya kazi palepale, nje, chini ya mwembe au mwarobaini.

Jambo hili si la aibu. Nchini Kenya mafundi wa namna hii huitwa "jua kali", kwa sababu hufanya kazi zao juani. Huko Dar es Salaam, eneo la Gerezani linajulikana sana kwa mafundi wa magari na wa vyuma. Fundi hodari hajulikani kwa paa la gereji yake. Hujulikana kwa kazi yake.

Lakini kazi ya nje ina adui zake. Adui hao ni jua, mvua, mchanga, ardhi laini na giza. Adui mkubwa kuliko wote ni uzito wa gari lenyewe. Pikapu ndogo isiyo na mzigo ina uzito wa kati ya kilo 1,200 na 2,000. Tufanye hesabu. Gunia la mahindi lina kilo 100. Basi kuingia chini ya pikapu ni sawa na kulala chini ya magunia 12 hadi 20 ya mahindi. Yakianguka, hakuna kifua cha mtu kinachoweza kuyazuia.

Watu husema ajali haina kinga. Katika kazi hii sisi tunasema hapana. Ajali nyingi za chini ya gari zina kinga, na kinga yenyewe ni rahisi. Ni magogo na dakika 10. Katika somo la leo tutajifunza namna ya kufanya kazi ya gari nje bila kuumia, bila kuchoka bure, na bila kuharibu gari.

1. KUCHAGUA MAHALI

Kabla ya kushika spana, tutazame mahali. Mahali pazuri pana sifa hizi:

- Pawe tambarare. Gari likiwa mtelemkoni hutaka kuserereka.
- Ardhi iwe ngumu. Udongo uliolowa mvua jana, mchanga mwingi na shamba lililolimwa havifai.
- Pawe mbali na moto. Jiko la mama lishe, tanuru la matofali na mahali pa kuchomea takataka vyote viwe mbali.
- Pawe mbali na kisima, mto na bustani.
- Pawe mbali na njia ya watoto, ng'ombe na mbuzi.

Pia tutazame juu. Tawi kavu laweza kuanguka. Pwani, tusiweke gari chini ya mnazi, maana nazi ikianguka huvunja kioo na hata kichwa. Halafu tutazame chini. Je, kuna siafu? Kuna kichuguu? Kuna nyasi ndefu ambamo nyoka aweza kulala? Tufyeke na kufagia kwanza. Mtu aliye chini ya gari hawezi kukimbia upesi.

2. KIVULI HUTEMBEA

Kila mtu anajua kwamba kivuli hutembea. Lakini wengi husahau wanapoegesha gari. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo kivuli cha mti huangukia magharibi. Alasiri jua liko magharibi, na kivuli huangukia mashariki. Ukiegesha gari asubuhi upande wa magharibi wa mti, kufika alasiri utakuwa juani. Na wakati huo magurudumu yametolewa, gari haliwezi kusogea.

Basi tujiulize kwanza: kazi hii itachukua muda gani? Kama ni ya asubuhi tu, tuegeshe magharibi ya mti. Kama ni ya alasiri, tuegeshe mashariki. Kama ni ya siku nzima, tuegeshe karibu kabisa na shina, tena tufunge turubai. Nguzo nne za miti na kamba zinatosha. Upande mmoja uwe chini kidogo, ili maji ya mvua yatiririke yasijikusanye katikati.

Kazi nzito tuifanye mapema, kuanzia saa 1 asubuhi. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana jua ni kali mno. Saa hizo zinafaa kwa kazi ya kukaa, kama kusafisha vipuri kivulini. Spana iliyoachwa juani huunguza kiganja, kwa hiyo iwekwe kivulini pia.

Tunywe maji mara kwa mara, hata kabla ya kusikia kiu. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au misuli ikimkaza, aache kazi. Apelekwe kivulini, apewe maji, apepewe. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, hiyo ni hatari kubwa. Tumlowanishe mwili kwa maji baridi na tumkimbize zahanati. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Na mwili upumzike katika kazi. Tusilale juu ya ardhi tupu. Tutandike gunia, jamvi au boksi lililokunjuliwa. Chini ya kichwa tuweke kitambaa kilichokunjwa, maana shingo ikikaa hewani muda mrefu huuma. Kwa kazi ya breki tukalie kigoda badala ya kuchuchumaa. Kama vumbi ni jingi, tunyunyize maji kidogo ardhini kabla ya kuanza. Kidogo tu, tusitengeneze matope.

3. JEKI HUINUA, GOGO HUSHIKA

Hiki ndicho kiini cha somo letu. Tafadhali kisome mara mbili.

Jeki ni chombo cha kuinua. Si chombo cha kushikilia gari. Jeki ya oili ina mipira ndani yake, na mipira hiyo ikichakaa oili huvuja, nayo jeki hushuka. Jeki ya skrubu ina kitako kidogo. Gari likisukumwa kidogo tu, kitako huteleza. Upepo mkali, mtoto anayepanda bodi, au fundi mwenyewe anayevuta nati ngumu, yeyote kati ya hao aweza kuliangusha gari.

Tufuate hatua hizi:

Kwanza. Zima injini. Vuta breki ya mkono. Tia gia. Toa ufunguo, na yule atakayeingia chini ndiye auweke mfukoni mwake.

Pili. Zuia kwa mawe makubwa au magogo yale magurudumu yasiyoinuliwa, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Kwa nini, na breki ya mkono tumevuta? Kwa sababu katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki hiyo haina kazi tena. Katika Land Rover za zamani kuna jambo jingine. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu yenyewe, hushika shafti inayotoka kwenye gia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile laweza kuzunguka hewani na gari likaserereka, ingawa breki imevutwa na gia imetiwa.

Tatu. Kama unatoa gurudumu, legeza nati zake kidogo wakati gurudumu bado liko chini. Ukisubiri gari liwe juu ndipo uvute nati kwa nguvu, utalitikisa gari.

Nne. Weka ubao mgumu na mpana chini ya jeki. Upana wa sentimeta 30 kila upande na unene wa sentimeta 5 unafaa. Ubao hugawanya uzito, na jeki haizami ardhini.

Tano. Inua kidogo kidogo huku ukitazama. Jeki ikianza kuinama, shusha, uanze upya.

Sita. Gari likiwa juu, weka magogo ya mti mgumu chini ya ekseli au chini ya chesisi. Yapangwe mawili mawili kwa kupishana: mawili yaelekee kaskazini, mawili juu yake yaelekee mashariki, na kuendelea. Yapangwe pande zote mbili za gari. Urefu wa rundo kwenda juu usizidi upana wake. Magogo yawe yamechongwa yakawa bapa. Gogo la mviringo hubingirika.

Saba. Shusha jeki polepole mpaka gari likae juu ya magogo. Jeki iache hapo hapo, iguse tu.

Nane. Chukua gurudumu lililotolewa au tairi la akiba, ulilaze chini ya chesisi. Magogo yakishindwa, gurudumu litabaki na nafasi kidogo ya mtu kupumua.

Tisa. Kabla ya mtu kuingia, lisukume gari kwa mkono. Je, linacheza? Kama linacheza, anza tena.

Tusitumie matofali. Tofali la kuchoma na la saruji huonekana gumu, lakini huvunjika ghafla bila kutoa dalili. Ubao mgumu, kabla ya kuvunjika, hulia na kupasuka kidogo kidogo, ukakupa nafasi ya kutoka. Tusitumie pia mawe yaliyopangwa, debe, wala mti ulioliwa na mchwa.

Mara nyingi maneno huwa hivi:

"Fundi, ni boliti moja tu. Naingia mara moja natoka."

"Hapana, kijana. Boliti ni moja, na roho yako nayo ni moja. Lete magogo kwanza."

Fundi huyo amesema kweli. Mtu aweza kubanwa na gari hata asipokuwa na kazi ya siku nzima. Hata kazi ya dakika mbili yaweza kuua.

Tena mtu asifanye kazi chini ya gari peke yake. Awepo mwingine wa karibu, anayejua jeki iko wapi. Gari likimwangukia mtu, tusimvute. Tuliinue gari kwanza kwa jeki au kwa watu wengi, tuweke magogo, ndipo tumtoe.

Je, vipi kuhusu kuchimba shimo na kuegesha gari juu yake? Mashimo hayo yapo mahali pengi. Lakini kuta za udongo hubomoka, hasa masika. Pia mvuke wa petroli hutuama shimoni. Kama hakuna mtu anayejua kujengea kuta za shimo kwa mawe na saruji, ni heri magogo.

4. MATAIRI YA LORI

Wakati wa kurudisha gurudumu, nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Ukikaza ya juu, fuata ya chini inayoielekea, kisha za pembeni. Hivyo gurudumu hukaa sawa. Gari likiisha shuka, kaza tena. Baada ya kilometa 50 hadi 100, simama ukaze mara nyingine.

Magurudumu mengine ya lori na trela yana rimu yenye pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikikaa vibaya, wakati wa kujaza upepo huruka kama risasi, na imekwisha ua watu. Basi toa upepo wote kabla ya kuifungua. Wakati wa kujaza, zungushia gurudumu mnyororo imara, tumia mpira mrefu wa upepo, na usimame upande wa kanyagio la tairi. Usisimame mbele ya pete, wala usiiname juu yake.

5. MCHANGA NI ADUI WA INJINI

Mwanadamu akila mchanga hutema. Injini haiwezi kutema. Chembe ya mchanga ikiingia ndani hukwaruza vyuma vilivyosuguliwa vizuri, na injini huanza kula oili na kupoteza nguvu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua sehemu yoyote, pafute kwanza. Egesha gari ili mwili wa gari uzuie upepo upande unaofanyia kazi. Kila tundu unalolifungua lifunike kwa kitambaa safi, tena kiwe kikubwa ili usikisahau ndani. Petroli, oili na maji vipitishwe katika chujio safi. Oili ya breki itoke katika kopo jipya lililofungwa. Oili hii hunyonya unyevu wa hewa. Ikikaa wazi huharibika, na breki zaweza kushindwa mtelemkoni.

Lainingi za breki tuzishike kwa uangalifu. Za zamani nyingi zilichanganywa na asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni hukaa humo, na baada ya miaka mingi laweza kuleta kansa. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha kansa. Basi tusipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Tulilowanishe kwa maji, tulifute kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa tukifukie.

6. DAFTARI LA FUNDI

Hapa, ndugu msomaji, ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata boliti ni mali.

Tandaza turubai au shuka kuukuu kando ya gari. Kila kipuri kinachotoka kiwekwe hapo kwa mpango, cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha, anza na kile cha kulia. Boliti na nati ndogo ziwekwe katika makopo, kila sehemu kopo lake. Andika namba kwa chaki juu ya kila kopo, kisha andika katika daftari. Kwa mfano:

Kopo 1: boliti 4 za pampu ya maji.
Kopo 2: boliti 6 za kifuniko, 2 ni ndefu, zinakaa chini.
Kopo 3: nati 5 za gurudumu la mbele kushoto.

Kazi ikiisha, makopo yote yawe matupu. Boliti moja ikibaki kopo namba 2, unajua imetoka wapi. Bila daftari, utafungua injini nzima tena.

Daftari hilo hilo liandikwe habari za gari. Kwa mfano:

Kazi: kubadili oili na filta.
Kilometa zilizosomwa: 84,200.
Oili iliyotumika: lita 5.
Kubadili tena: kilometa 89,200.

Hapa tumechukua kilometa 5,000 kama mfano tu. Kila gari lina kitabu chake, tufuate kinavyosema. Mwenye gari akiuliza fedha zimekwenda wapi, hakuna ugomvi. Anafunguliwa daftari.

7. PETROLI, BETRI NA REJETA

Petroli. Kinachowaka upesi ni mvuke wake, nao hatuuoni. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini mpaka kwenye moto ulio mbali, kisha moto hurudi nao. Kwa hiyo usivute sigara, usitumie koroboi wala kibiriti kutazama tangi. Giza likiingia tumia tochi. Tangi tupu la petroli lisichomelewe. Watu hudhani tupu ni salama, kumbe limejaa mvuke, na hulipuka. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Petroli huelea juu ya maji na moto husambaa.

Tusinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Mtu akimeza petroli, asitapishwe. Apelekwe zahanati mara moja.

Betri. Ndani yake mna tindikali, na wakati wa kuchajiwa hutoa hewa inayolipuka. Kabla ya kazi ya umeme, fungua kwanza waya wa alama ya kutoa (−). Wakati wa kurudisha, waya huo uwe wa mwisho. Ukianza na wa alama ya kujumlisha (+), spana ikigusa bodi ya gari hutoa cheche kubwa. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, halafu nenda zahanati. Usingoje kuona kama litapona lenyewe.

Rejeta. Maji yaliyo ndani ya rejeta yenye moto yamebanwa, kwa hiyo ni ya moto kuliko maji yanayochemka sufuriani. Ukifungua kifuniko, hukurukia usoni. Zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe kidogo, acha mvuke utoke, ndipo ukitoe. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto. Chuma chaweza kupasuka.

Mwisho, usitie petroli, tindikali au oili ya breki katika chupa ya soda. Mtoto huona soda. Tia katika dumu, andika jina kwa herufi kubwa, na uweke mahali ambapo mtoto hafiki.

8. OILI CHAFU TUIPELEKE WAPI?

Wengine huimwaga palepale. Mvua ikija, oili huteremka mpaka kisimani, mtoni na ziwani. Juu ya maji hutanda kama ngozi nyembamba. Maji huwa na ladha mbaya, na samaki huumia. Mtu mmoja amebadili oili, kijiji kizima kinakunywa.

Basi weka karai pana chini kabla ya kufungua. Tia oili chafu katika dumu, ufunge. Ikijaa, ipeleke mjini kwa wanaoikusanya. Iliyomwagika kidogo ifunike kwa mchanga au unga wa mbao, uukusanye. Betri kuukuu nayo isivunjwe nyumbani. Risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Iuzwe kwa wanaonunua betri kuukuu.

Oili chafu si dawa ya kidonda wala ya ngozi. Ikikaa mwilini siku nyingi, miaka na miaka, yaweza kuleta kansa ya ngozi. Kitambaa chenye oili kisiwekwe mfukoni. Usinawe kwa petroli, maana hupasua ngozi na kuingia mwilini. Njia nzuri ni hii: paka mafuta ya kula kidogo mikononi, ongeza kijiko cha sukari, sugua vizuri, kisha nawa kwa sabuni. Unawe hivyo kabla ya kula, na kabla ya kumbeba mtoto.

9. MVUA NA RADI

Mti uliotupa kivuli mchana waweza kutuua wakati wa radi. Ukisikia ngurumo, acha kazi. Toka chini ya gari na chini ya mti. Ingia katika nyumba imara. Kama nyumba iko mbali, ingia ndani ya gari lenye bodi na paa la chuma, funga vioo, na usiguse chuma. Bodi ya chuma hupitisha umeme nje yako mpaka ardhini. Usiingie katika gari lililo juu ya jeki. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kabla ya kurudi kazini, tazama magogo tena. Ardhi iliyokuwa ngumu asubuhi sasa ni laini. Pengine gogo moja limezama upande. Kama ni hivyo, tuinue upya na kupanga upya. Kuchelewa siku moja si hasara. Gari litatengenezwa kesho, lakini fundi akibanwa hana kipuri.

Ndugu wasomaji, somo letu linaishia hapa. Asiye na gereji anaweza kufanya kazi nzuri, ya salama na bila kujitesa. Anahitaji ardhi ngumu, kivuli kilichopimwa, magogo, makopo, daftari, ndoo ya mchanga na mtu wa pili wa karibu. Karibu vyote hivi vinapatikana kijijini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chesisi: fremu ya chuma inayobeba bodi na injini.
Ekseli: mhimili unaoshika magurudumu mawili.
Rejeta: chombo cha kupoza maji ya injini.
Tindikali: maji makali yanayounguza.
Rimu: sehemu ya chuma inayovaa tairi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kazi yako itaanza saa 8 mchana. Utaegesha gari upande gani wa mti? Kwa nini?
2. Kwa nini breki ya mkono peke yake haitoshi ukiinua nyuma ya gari?
3. Kwa nini gogo la mti mgumu ni bora kuliko tofali?
4. Gari lina uzito wa kilo 1,800. Ni sawa na magunia mangapi ya kilo 100?
5. Oili ilibadilishwa kilometa 61,750. Itabadilishwa tena baada ya kilometa 5,000. Andika namba itakayosomwa siku hiyo.
6. Gari limemwangukia mtu. Ni jambo gani la kwanza kufanya, na ni jambo gani la kutofanya?

KAZI YA KUFANYA

Someni somo hili pamoja, katika kikundi. Kisha mwendeeni fundi au dereva wa kijiji chenu. Mwulizeni kama ana magogo ya kushikilia gari. Kama hana, tafuteni mti mgumu uliokauka, mchonge magogo manane yaliyo bapa, kila moja la urefu wa sentimeta 50. Yaandikeni kwa rangi: MAGOGO YA JEKI. Mtu mwingine asije akayatia jikoni.